Yuan 128 za Hajati: kutoka Majengo hadi Guangzhou

Jumatatu, Majengo

Hajati anauza vyombo upande wa pili wa soko, na ameshakwenda China mara nyingi kuliko mimi nilivyokwenda Dar. Mimi nauza mapazia. Miaka yote nimekuwa nikinunua mzigo Kariakoo, nikiwalipa faida watu waliokwenda kuuchukua Guangzhou. Mwaka huu kikoba chetu kimenikopesha, nami nikaona niende mwenyewe.

Leo nimemfuata baada ya kufunga duka. Pasipoti ninayo, niliiomba kwa mtandao kwa shilingi 150,000, nikapigwa picha na kuchukuliwa alama za vidole hapahapa Dodoma. Viza ndiyo iliyonisumbua kidogo, kwa sababu ubalozi wa China uko Dar, na lazima uwe na barua ya mwaliko. Nayo imetoka. Kwa hiyo nilikwenda kwa Hajati nikijiona nimemaliza, nimebakiza kuaga tu.

Akaniuliza, "Una hela kiasi gani, na ziko wapi?"

Nikamtajia jumla.

"Jumla ni ya kwako na kikoba chako. Mimi nimekuuliza ziko wapi."

Akachukua daftari lake, lile analoandikia wadaiwa, akachora mistari: za mkononi, za benki, za kwenye kadi, za simu, zilizo kwa mtu. Chini ya kila moja akaandika swali lilelile: *Saa sita usiku, uko peke yako, unaitoaje?* Nikacheka. Yeye hakucheka.

Jambo moja alinisifia, tarehe. Novemba katikati. Wiki ya kwanza ya Oktoba Wachina wako kwenye sikukuu yao ya taifa na maduka mengi yamefungwa. Kuanzia Oktoba 15 hadi Novemba 4 kuna yale maonyesho makubwa ya biashara, na hoteli za Guangzhou hupandisha bei. Mimi nilichagua Novemba kwa sababu shamba la zabibu la baba watoto linakuwa halinihitaji, lakini sifa nilizipokea.

Jumanne, benki

Nimepanga foleni tangu saa tatu kasoro. Dada wa huduma kwa wateja ameniambia mambo ambayo kadi yenyewe haisemi. Kadi yangu ina nembo ya Visa, lakini ilikuwa imefungwa isitumike nje ya nchi wala kwenye mtandao. Amenijazisha fomu, ikafunguliwa. Akaniuliza kiwango ninachotaka kiruhusiwe kwa siku, na nchi ninayokwenda, ili mashine yao isije ikadhani nimeibiwa. Akanionyesha pia mwezi wa kuisha kwa kadi. Mwakani. Sijawahi kuuangalia.

Kuhusu hela ya mzigo, tumekubaliana haitasafiri na mimi. Itabaki kwenye akaunti ninayochangia na baba watoto. Nikishachagua bidhaa, muuzaji ananipa profoma, yaani ankara ya awali, yenye jina la kampuni, jina la benki yake na namba za kutumia. Naituma nyumbani, baba watoto anakwenda benki kutia saini, hela inaondoka. Siku hizi benki kadhaa hapa nchini zinatuma yuan moja kwa moja, huna haja ya kupitia dola na kukatwa mara mbili. Hilo nililisikia leo kwa mara ya kwanza. Sijui Kariakoo wamelificha kwa miaka mingapi.

Jumatano, dola

Nimenunua dola 1,500 za mkononi. Sheria inaruhusu zaidi: hapa kwetu unatakiwa kutoa taarifa forodhani ukivuka na dola 10,000 au zaidi, na China wanataka utamke ukiingia na zaidi ya dola 5,000. Ila Hajati alisema dola 1,500 zinatosha kula, kulala na kuumwa.

Bei ya kuuza na ya kununua zilipishana shilingi 40. Kwa 1,500 hiyo ni shilingi 60,000, kama ningebadili mawazo nikazirudisha mchana uleule. Nimeiandika ili nisiisahau.

Nimezihesabu mbele ya dirisha, moja moja, nikazigeuza. Mbili nimezikataa. Moja ilikuwa na muhuri mdogo wa wino pembeni, nyingine imechanika kidogo kwenye mkunjo. Yule kijana akasema, "Mama, hii ni hela halali." Nikamwambia kama ni halali basi abaki nayo, anipe nyingine. Mtu anayepokea dola Dodoma huikagua kama anayenunua ng'ombe. Ile ya zamani yenye kichwa kidogo anaikataa au anaishusha bei. Sasa kwa nini mimi nipokee bila kukagua?

Jioni fundi wa hapo jirani amenishonea mfuko wenye zipu ndani ya gagulo. Shilingi 5,000. Dola 1,000 zitakaa huko, 300 kwenye pochi ya shingoni, 200 ndani ya kopo la mafuta ya nywele lililokauka.

Alhamisi, simu

Siku nzima imeishia kwenye simu. China hela ya kila siku iko kwenye Alipay na WeChat, programu za simu. Unaskani msimbo wa QR kwa simu, unaondoka. Tangu mwaka 2023 mgeni anaweza kuunganisha kadi yake ya Visa humo. Malipo yasiyozidi yuan 200 hayana makato, yakizidi hapo wanakata asilimia 3. WhatsApp na Google huko hazifunguki kwa intaneti ya kawaida, kwa hiyo WeChat ndiyo ya kuongelea pia. Kuifungua kunahitaji mtu aliyeko tayari akuthibitishe, na Hajati amenithibitisha akiwa anapima sufuria.

Kadi imeunganishwa. Ujumbe wa benki wenye namba ya uhakiki ukaja kwenye laini yangu, nikaiandika, ikakubali. Nikafurahi.

Hapo ndipo nikafanya ujinga wangu, ingawa leo unaonekana kama akili. Laini yangu ndiyo yenye Lipa Namba ya duka. Wateja wote wanailipa hiyo. Nikaona nikiondoka nayo mdogo wangu atauzaje? Nimemwachia simu ndogo ikiwa na laini ndani. Mimi ninakwenda na simu kubwa, laini nitanunua hukohuko.

Ijumaa

Nimefungasha. Shangazi amekuja kutoka Mvumi na mlenda mkavu wa kusaga, mfuko mzima, akasema Wachina hawajui kupika. Nimechukua vijiko kama sita kwenye kikopo ili asinune. Jirani mmoja ameniletea boksi "la mjomba wake aliyeko huko". Nimemrudishia hata kabla hajakaa. Mzigo usioufunga mwenyewe usiubebe, hata ukiwa wa imamu.

Steshenari wamenichapia anwani ya hoteli kwa herufi za Kichina, kubwa, karatasi mbili.

Usiku Hajati amepita. Amenipa yuan 120 za noti na sarafu nane za yuan moja moja. "Nauli ya treni ya chini ya ardhi, na chai. Nakukopesha, sikupi." Akaandika kwenye daftari.

Jumamosi, Dodoma–Dar

Treni ya umeme, shilingi 31,000 daraja la kawaida. Zamani safari hii ilinimaliza siku nzima ndani ya basi. Leo nimekula ubuyu, nimesinzia baada ya Morogoro, nimeamka Stesheni ya Magufuli. Nimelala kwa wifi Buguruni. Ameuliza mara tatu nimeficha wapi hela. Sikumwambia, na amekasirika kidogo.

Jumapili, angani

Dar hadi Addis Ababa, kisha Addis hadi Guangzhou, usiku kucha. Pawabenki nimeiweka kwenye mkoba wa mkononi, kwenye sanduku hairuhusiwi. Basi.

Jumatatu, Guangzhou

Naandika saa saba ya usiku, mikono bado inatetemeka kwa hasira na kicheko.

Tumetua jioni. Foleni ya uhamiaji ndefu, alama za vidole, maswali machache. Nje nikaona dirisha la kubadilisha fedha. Nikaangalia bei yao na ada yao, nikasonya, nikapita. Kesho nitakwenda benki nipate bei nzuri, kwani nina haraka gani?

Sarafu nane za Hajati zikanifikisha mjini. Mashine ya tiketi ilizimeza zote. Nikashuka kituo cha Xiaobei, mtaa ambao Waafrika wamezoea kufikia, nikamwonyesha mwenye kibanda cha matunda karatasi yangu ya herufi, akaninyooshea kidole. Saa nne usiku nikawa mapokezi ya hoteli.

Chumba yuan 260. Na amana yuan 200 ambayo utarudishiwa ukiondoka. Jumla 460.

Mfukoni nina 120.

Nikatoa dola. Yule binti akatikisa kichwa. Nikatoa noti nyingine ya dola, mpya kabisa, isiyo na muhuri, ile niliyoipigania Jumatano. Akatikisa kichwa tena, kwa adabu. Mashine yao ya kadi haikuitambua kadi yangu. Akanionyesha karatasi yenye msimbo wa Alipay. Hapo nikatabasamu, nikaskani, nikaandika 460, nikabonyeza.

Benki ikataka namba ya uhakiki. Tena. Ujumbe umetumwa kwenye simu yako inayoishia na tarakimu fulani.

Simu hiyo iko Majengo, kwenye droo ya duka la mapazia.

Dodoma ilikuwa saa kumi na moja jioni, tuko mbele yao kwa saa tano. Mdogo wangu angekuwa bado dukani. Lakini nampataje? Laini ya Kichina sina. Intaneti ya hoteli ninayo, WhatsApp haifunguki. WeChat ninayo, yeye hana, sikukumbuka kumfungulia. Hajati anayo, nikampigia, haipokelewi. Baadaye nimejua alikuwa msibani Chang'ombe.

Nikakaa kwenye kiti cha plastiki karibu na mlango. Nina dola 1,500 mwilini, nina mamilioni benki, na sina pa kulala. Lile swali la daftari likanirudia lilivyo: *saa sita usiku, uko peke yako, unaitoaje?*

Akaingia kijana mmoja na mifuko mikubwa ya viatu. Akanitazama nilivyovaa kanga.

"Jambo, mama. Uko na shida gani?"

Mkongo wa Bukavu. Ningeweza kumkumbatia. Nikamweleza.

"Franga uko nazo, ao hauna?"

"Ninazo."

"Sasa shida iko wapi?"

"Ninazo, ila haziko hapa."

Simu yake ilikuwa na laini ya kwao inayofanya kazi nje ya nchi, na kwa laini kama hiyo WhatsApp inapita. Akanipa. Nikampigia mdogo wangu kwa namba yake mwenyewe.

"Nani?"

"Mimi dada yako! Fungua ile simu ndogo, kuna ujumbe wa benki, nisomee hizo namba haraka."

Kimya. Kisha, kwa sauti ya mtu anayeongea na polisi: "Namba ya siri ya benki haisomwi kwa mtu yeyote. Hata ukiwa dada yangu."

"Ni mimi!"

"Namba ni ya Kongo hii. Ninyi ndio wa *ile hela tuma kwenye namba hii*."

"Husikii sauti yangu?"

"Siku hizi hata sauti mnatengeneza."

Akakata.

Jamani. Nimemlea mwenyewe na kumfundisha duka mwenyewe, na hilo la kutosoma namba kwa mtu nimemwimbia miaka mitatu. Yule kijana wa Bukavu alikuwa ameegemea ukuta anacheka hadi machozi. Akapiga tena.

"Niulize kitu," nikamwambia mdogo wangu. "Kitu chochote."

Akafikiri. "Ijumaa shangazi alileta nini?"

"Mlenda!"

"Kila mtu wa Mvumi analeta mlenda. Ulichukua kiasi gani?"

"Vijiko sita! Kwenye kikopo cha njano! Ili asinune!"

Ndipo akalia: "Dada! Umetekwa?"

Alipoisoma namba ilikuwa imeshaisha muda. Nikaanzisha malipo upya, ujumbe mwingine ukaenda Majengo, akasoma, nikaandika, ikapita. Yuan 460, na makato ya asilimia 3 juu yake, karibu yuan 14. Sikusonya.

Nimempa kijana wa Bukavu nusu ya ubuyu uliobaki. Amekataa hela. Ameniambia tu kesho nisimwambie mtu yeyote mtaani kwamba natembea na dola, na nibadilishe benki.

Jumanne, Guangzhou

Benki ya China, na pasipoti, na kikaratasi cha namba ya foleni. Nimebadilisha dola 500. Wamezipitisha kwenye mashine, wakazitazama kwa jicho, nikapata kitu kama yuan 3,500. Noti kubwa kuliko zote huku ni ya 100, nyekundu. Nimeomba waniwekee na za 10 na 20, kwa maana muuza supu akipewa noti ya 100 anahangaika chenji. Kisheria haruhusiwi kukataa noti, lakini sheria haimpi chenji. Risiti ya benki nimeikunja ndani ya pasipoti. Ndiyo itakayoniwezesha kubadili yuan zitakazobaki ziwe dola tena.

Nimenunua laini. Na kwa simu ya kijana wa Bukavu nimemfungulia mdogo wangu WeChat, tukimwelekeza kwa WhatsApp kila hatua. Picha aliyoweka ni ya mlenda.

Utaratibu niliojiwekea: chakula na nauli kwa simu, maana havifiki yuan 200 na havikatwi, hoteli kwa noti.

Jumatano na Alhamisi, Zhongda

Hili ndilo soko la vitambaa. Nilidhani nimeona vitambaa. Jengo juu ya jengo, na kila kibanda kinaning'iniza sampuli ndogo kama kurasa za kitabu. Huuziwi hapo, unachagua namba, mzigo uko ghalani. Hamna lugha ya kuelewana, kuna kikokotoo. Yeye anaandika 18, mimi naandika 11, anashika kifua, tunafika 13.

Kichwani yuan moja nimeihesabu kuwa shilingi 400. Kiwango halisi kiko chini ya hapo, najua. Ila nikitumia kiwango halisi nitasahau ada ya kutuma, makato, wakala wa mizigo, ushuru, na yule kuli wa Dar. Kitambaa cha yuan 13 kwangu ni shilingi 5,200 mita, na kama kwa bei hiyo hakilipi Majengo, nakiacha. Nimeviacha vingi vizuri. Kimoja cha rangi ya zabibu mbivu nimekirudia mara tatu kukishika.

Wauzaji wengi wanataka asilimia 30 kwanza, inayobaki kabla ya kupakia. Mmoja, mwenye bei nzuri kuliko wote, alinipa profoma yenye jina la kampuni juu na akaunti ya mtu binafsi chini. Nikamwonyesha kwa kidole, juu, chini. Akasema kwa programu ya kutafsiri kwamba ni akaunti ya mke wa bosi. Inawezekana ni kweli. Nikamwandikia kwamba mume wangu naye ni bosi na benki yake haimjui mke wa mtu. Baada ya chai akaleta akaunti ya kampuni, bei ikapanda senti chache. Nimelipa senti hizo kwa moyo mkunjufu.

Ijumaa, Jumamosi

Baba watoto ametia saini Dodoma. Hela imeondoka kwa yuan. Muuzaji mkubwa amethibitisha Jumamosi, wengine wanasubiri Jumatatu. Mizigo ataikusanya wakala na kuiingiza kwenye kontena la watu wengi. Mimi nimepiga picha kila robota na namba yake. Mlenda nimeupika kwenye birika la hotelini. Haukuwa mzuri. Nimeumaliza.

Amana ya yuan 200 nimerudishiwa.

Jumanne, Majengo

Nimefika jana usiku kwa treni, vumbi la Dodoma likanipokea kabla ya bajaji. Mdogo wangu amefunga hesabu za duka, hazina kasoro, ila ameandika kwenye ukurasa wa mwisho: *Jumatatu, jaribio la utapeli, 1. Baadaye ikawa dada.*

Asubuhi nimempelekea Hajati noti zake, 120, zilezile, maana nilizitenga tangu pale hotelini baada ya kupata za kwangu. Na kitambaa cha meza. Amekisifu kitambaa, akaniuliza habari za mtaa wa Xiaobei, akanipa pole ya usiku ule na kusikitika hakuwa karibu na simu. Kisha akalamba kidole, akahesabu noti, akafungua daftari.

"Na sarafu nane?"

Nikamwambia mashine ya tiketi ilizimeza.

"Ilimeza nauli yako," alisema, akiacha kalamu juu ya mstari. "Sarafu ni zangu."